Mtani na Springi ya Mtumba

Mtu asinidanganye kwamba utani ni mchezo. Mimi utani umenila. Umenila nikiwa hai, nimevaa sketi niliyoipiga pasi mara mbili, chaki mkononi, na walionila walicheka mpaka wakashika mbavu. Kwa hiyo nikisimulia habari hii kwa uchungu usiniambie nipunguze. Wewe hukuwepo.

Mimi ni Mhehe wa Iringa. Nilifika Songea na shahada ya ualimu wa fizikia na hisabati ndani ya bahasha ya kaki, baada ya kuomba ajira ya serikali mpaka mkono ukaota sugu. Rafiki yangu wa chuo alinidokeza kwamba kuna shule ya sekondari ya binafsi inapokea walimu wa kujitolea. Kujitolea maana yake unafundisha kama mwalimu, unasahihisha kama mwalimu, unashika zamu kama mwalimu, halafu mwisho wa mwezi unapewa hela ya sabuni na shikamoo za wanafunzi. Nikapanga chumba mtaa wa Lizaboni, kwenye ua wenye wapangaji wengi na bomba moja, nikaanza kusubiri.

Nilichokuwa nasubiri nakisema mapema, maana ndicho chanzo cha yote. Mwanangu wa kike alikuwa Iringa kwa mama yangu tangu nilipomwachisha ziwa. Siku naondoka, mama aliniambia hivi: "Ukipata kazi ya kueleweka, njoo umchukue mwanao. Ukiwa bado unajitolea, usinihamishie mtoto kwenye njaa zako." Mama yangu hana maneno ya kubembeleza. Mtoto akazoea kumwita bibi yake mama, na mimi kwenye simu akaniita mama wa Songea, utadhani kila mkoa una mama wake. Mwaka uliokuwa unafuata angeanza darasa la kwanza. Nilitaka aanzie Songea, alale kwangu, aniite mama bila kutaja mkoa. Cheo sikukitaka, wala sifa. Nilimtaka mwanangu.

Sasa huyo mtani. Naye alikuwa mwalimu wa kujitolea, tena wa fizikia, Mngoni wa hapa hapa Songea, kijana mrefu mwenye sauti ya kwaya. Siku ya kwanza nilipojitambulisha ofisini kwa walimu alipiga makofi akapaza sauti: "Mhehe kaja! Jamani, fungeni mbwa wenu, leo hatubakiziwi hata mmoja!" Ofisi ikaangua kicheko. Mimi nami sikumwachia. Nikamwambia, "Kaa chini wewe mkimbizi. Mlitimuliwa huko kusini mkakimbia mpaka miguu ikagoma, ndipo mkajiita mashujaa." Kicheko kikawa mara mbili. Akaja akanipa mkono, na kuanzia hapo hakuniita jina langu tena. Mtani, mtani, mtani.

Kwetu Wahehe na kwao Wangoni, utani ni sheria ya wazee. Babu zetu walichinjana, waliposhindwa kumalizana wakakubaliana kutaniana. Mtani anaweza kukusema mbele ya mkweo. Anaweza kuchukua kitu chako bila kuomba. Ukifiwa, ndiye anayekuja kuosha masufuria ya msiba huku akimkejeli marehemu wako. Na ukikasirika, basi wewe ndiye mkosaji, mtu asiye na utu. Mimi nilimlia karanga zake mezani. Nilikaa kwenye kiti chake akiwa amesimama. Masika nilibeba mwavuli wake, na sikuurudisha mpaka mahindi yalipovunwa, akawa ananyeshewa huku anacheka. Naye chai yangu alikuwa anainywa, na kalamu zangu za rangi sijui aliwapelekea wadogo zake wangapi. Sawa. Mlango tuliufungua wote wawili. Ila mwavuli ni mwavuli jamani.

Katikati ya mwaka mmiliki wa shule, mzee mmoja mfanyabiashara mwenye tumbo la kutangulia, alitangaza kwamba ataajiri mwalimu mmoja wa fizikia. Mmoja tu. Sisi wawili tungefundisha mbele yake siku moja, mada moja, Kidato cha Tatu, yeye mtani mkondo A asubuhi, mimi mkondo B baada ya chai. Mada ilikuwa mawimbi. Mwenye kufundisha vizuri zaidi ndiye angepewa mkataba.

Nikajisemea, hapa hapa. Mawimbi ndiyo mada yangu. Mtoto wa Songea ukimwambia wimbi ni mtikisiko unaosafirisha nishati bila kusafirisha maada, ataandika, atakariri, na ukimuuliza kesho atakwambia maji ndiyo yanasafiri. Lazima aone kwa macho. Na mimi kitu cha kumwonyesha nilikuwa nacho.

Nilikuwa nimeipata sokoni, kwenye lundo la midoli ya mtumba, katikati ya wanasesere wasio na vichwa: springi ya chuma ya kuchezea, pete nyingi nyembamba zilizolaliana vizuri, ukiiweka kwenye kiganja inamiminika yenyewe kwenda kiganja cha pili. Nilimnunulia mwanangu. Nikamwambia kwenye simu kwamba mama amekununulia springi inayotembea, akauliza, "Ina miguu?" Nikamwambia haina, ndiyo maana ni ya ajabu. Tangu hapo kila nikipiga simu swali lilikuwa hilo hilo, springi yangu inakuja lini. Sasa ikabidi springi ya mtoto ifanye kazi kwanza.

Nilifanya mazoezi kwenye kibaraza cha saruji pale Lizaboni. Mama mwenye nyumba, bibi wa Kingoni mwenye rozari shingoni, alikuwa ametoka kusali jumuiya, nikamwomba anishikie ncha moja. Tuliivuta kidogo tu, ikalala sakafuni. Nikatikisa ncha yangu upande upande, mkunjo ukakimbia mpaka kwake. Kisha nikasukuma ncha yangu mbele, kwa ghafla, zile pete zikabanana, ule mbano ukasafiri mpaka ukamgonga kidoleni, na yeye akaruka, "Yesu na Maria!" Halafu akacheka akataka turudie. Nikafunga uzi mwekundu kwenye pete ya katikati, nikamwambia auangalie huo uzi tu. Mbano ulipopita, uzi ulikwenda mbele kidogo, ukarudi nyuma, ukatulia palepale ulipokuwa. Bibi akasema, "Kumbe huu uzi hauji kwangu. Umepitiwa tu." Nilikaribia kumkumbatia. Huo ndio ulikuwa mtihani wote wa fizikia, na bibi kaujibu akiwa na rozari shingoni.

Kosa langu lilikuwa moja. Niliyasema haya ofisini. Nilikuwa na furaha, nikaionyesha springi kwa walimu, uzi na yote, nikaielezea mbele ya mtani. Yeye akaishika, akaizungusha mkononi, akasema, "Mhehe leo kaleta fizikia badala ya mbwa." Nikacheka na wenzangu. Jioni nikaifungia kwenye kopo la biskuti, nikaiweka kwenye kabati la walimu, maana asubuhi yake ndiyo ilikuwa siku yenyewe na sikutaka ikorogeke kwenye bodaboda.

Asubuhi nilikuwa na vipindi vya Kidato cha Kwanza. Kutoka kule darasani nilisikia Kidato cha Tatu A wakishangilia. Nikajiambia, huyo mtani naye kawapatia nini, au kawaimbia? Wakati wa chai nilimkuta ofisini anakula andazi, shati limemlowa jasho, uso unang'aa. "Mtani," akaniambia, "nimekupashia moto jiko. Kazi kwako."

Sikumwelewa. Nililichukua kopo langu nikaenda darasani. Nyuma ya darasa walikuwa wamekaa watatu, mmiliki, mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma. Nikasalimia, nikatangaza mada, nikachora mstari ubaoni. Nikawaambia wanafunzi, kaeni vizuri, leo wimbi mtaliona kwa macho. Nikafungua kopo.

Kilichotoka mle sitakisahau. Springi yangu ilikuwa imevutwa mpaka ikapoteza uhai. Zile pete zilizokuwa zimelaliana zilikuwa zimefunguka, zimejipinda, zimeingiana, na nilipoiinua ikaning'inia mkononi mwangu mpaka chini kama utumbo wa mbuzi. Uzi mwekundu bado ulikuwa umefungwa katikati. Darasa likacheka. Mtoto mmoja wa mbele, kwa nia njema kabisa, akaniambia, "Madam, hiyo wenzetu wa A wameshaivuta kama kamba. Sir aliwaambia wavute, upande huu wavulana, upande huu wasichana."

Alikuwa ametumia springi yangu, uzi wangu, maneno yangu, mbele ya watu wale wale, na alipomaliza kupigiwa makofi akaipa watoto waivute waiue, ili mimi nifungue kopo nikute mzoga.

Nilijaribu. Mungu ni shahidi, nilijaribu. Niliilaza mezani nikatikisa ncha, ikajikunja hapo hapo ilipokuwa, haikupeleka kitu popote. Nikawapanga wanafunzi mstari, mikono mabegani mwa wenzao, nikamwambia wa nyuma asukume taratibu ili tuone msukumo unavyosafiri. Taratibu gani! Wavulana wa Kidato cha Tatu hawana hilo neno. Alisukuma kama anaondoa lori kwenye tope, mstari ukaporomoka, msichana wa mbele akapiga goti kwenye pembe ya dawati, damu ikatoka. Mmiliki akawa anasoma simu yake.

Hapo nikafanya kile ambacho mtu wa utani hatakiwi kukifanya. Nikasema. Nikawageukia wale watatu, nikasema kwamba mwenzangu amechukua kifaa changu bila ruhusa na amekiharibu kwa makusudi. Mkuu wa shule akatazamana na mwalimu wa taaluma. Kisha akasema kwa upole, na ule upole ndio ulioniua, "Lakini mwalimu, si ninyi ni watani?"

Darasa zima likacheka, na mmiliki naye akacheka, akafunga simu yake. Alipokuwa anatoka alisimama mlangoni akanipa nasaha: "Mwalimu mzuri anategemea kichwa, mama, hategemei mdoli."

Mkataba akapewa yeye. Kwa kipindi cha matazamio kwanza, mpaka mwisho wa mwaka, ndipo mmiliki athibitishe. Ofisini nilinuna, na kila mtu akanishangaa. Mhehe hana utu, Mhehe ana hasira, Mhehe mficheni kamba asije akajinyonga. Ndiyo, hata hilo la kamba walilisema, kwa kicheko, kama watu wanaoomba chumvi. Mtani mwenyewe alinikuta barazani akaniambia, "Mtani, si ulikaa na mwavuli wangu masika nzima?" Nikamtazama. Nilitaka kumjibu kwamba mwavuli haukuwa mtoto wangu. Lakini angejuaje? Sikuwahi kumwambia mtu yeyote pale shuleni kwamba nina mtoto. Na hata angejua, sijui. Sina uhakika naye hata leo.

Nilibaki. Watu wananiuliza kwa nini, na mimi nauliza niende wapi. Nilibaki na Kidato cha Kwanza na hela ya sabuni, kwa sababu ya lile neno matazamio. Kama mmiliki angejua ukweli kabla ya mwisho wa mwaka, mkataba ungeweza kugeuka. Nilijaribu kumwona mara mbili, katibu wake akaniambia ameshasikia habari za watani, tena amezifurahia. Springi sikuitupa. Niliiviringisha nikairudisha kwenye kopo. Mwanangu alipouliza nikamwambia inakuja.

Mvua za kwanza ziliponyesha, baba yake mtani akafariki.

Habari ilifika shuleni asubuhi. Walimu wakainamisha vichwa, wakaanza kupanga nani aende na gari la shule. Mimi niliinamisha kichwa pamoja nao, lakini moyoni, sitaficha, kuna kitu kilisimama wima. Mtani wangu amefiwa. Maana yake nani ana haki ya kwanza kwenye ule msiba, kupita padri, kupita ukoo? Mimi. Na msibani mtani akiweka kizuizi njiani, jeneza halipiti mpaka mfiwa atoe anachotakiwa kutoa. Wengi hudai hela ya soda au kuku. Mimi sikuwa na shida na soda. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wahenga walisema. Nikaenda nyumbani Lizaboni kuchukua kopo la biskuti.

Msiba ulikuwa kijijini kwao, upande wa barabara ya Peramiho, nyumba ya matofali ya kuchoma iliyozungukwa na shamba lililokuwa ndio kwanza linalimwa. Nilifanya kazi ya mtani kama inavyotakiwa, mtu asije akasema sikuifanya. Niliosha masufuria. Nilichota maji. Kisha nikaomba koti la marehemu na kofia yake, nikauliza wanawake jikoni alikuwa anatembeaje. Wakaniambia alikuwa anachechemea mguu wa kushoto na anakohoa kabla ya kusema. Basi nikavaa, nikachechemea katikati ya waombolezaji, nikakohoa, nikasimama mbele ya mtani wangu aliyekuwa amekaa mkekani macho yamevimba. Nikamwambia kwa sauti ya marehemu, "Wewe, mbona unalia? Si ulikuwa unasema mimi mzee nakuchelewesha mjini?"

Mkeka mzima ulipasuka kwa kicheko. Mjane akacheka huku analia. Yeye naye akacheka, maana alilazimika, na midomo ilikuwa inamtetemeka. Niliona jinsi yale maneno yalivyomwingia, nikaona yalikuwa ya kweli, nikafurahi. Nilifurahi sana. Nilimchechemea tena mara ya pili.

Gari la shule lilifika, mmiliki na mkuu wa shule wakiwa viti vya mbele. Nilikuwa nawasubiri hao. Ibada ya pale nyumbani ilipokwisha, vijana wakabeba jeneza kuelekea makaburini nyuma ya shamba, katekista mbele na msalaba, na mtani wangu nyuma yake tu, akiwa mtoto mkubwa wa kiume. Njia ilipita kati ya nguzo mbili za mianzi, mlango wa ua. Nikafika pale kabla yao. Nikafungua kopo, nikafunga ncha moja ya springi kwenye nguzo ya kushoto, nikaivuta ile takataka ikaning'inia inabembea mpaka upande wa pili, na ncha nyingine nikaishika mkononi. Bado nilikuwa na koti la marehemu.

"Haipiti maiti hapa," nikasema.

Vigelegele. "Mtani kafunga njia! Mlipeni mtani!" Katekista akasimama, anajua mila. Vijana wakashusha jeneza kwenye viti viwili. Mtu akanirushia sarafu, nikaiacha chini. Shangazi mmoja akaleta kuku wa kienyeji amefungwa miguu, nikamwambia, "Kuku wako mrudishe bandani, shangazi. Mimi namdai huyu."

Mtani akaitazama springi. Aliitambua mara moja, nilimwona. Uso wake uliacha kuwa uso wa mfiwa, ukawa uso wa mtu aliyeshikwa.

"Unataka nini, mtani?" akaniuliza.

"Nataka useme. Mbele ya baba yako huyu alalaye hapa, mbele ya mkuu wa shule, mbele ya mmiliki. Hii springi ilikuwa ya nani, na nani aliiua? Ukisema ukweli, baba anapita. Ukisema uongo, mtamzika hapa mlangoni."

Upepo ulikuwa unavuma, mbali kulikuwa na mawingu, na kila mtu alijua kaburi likiingia maji ni balaa. Katekista akaangalia mbingu. Mtani akaangalia jeneza la baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikuona mzaha wowote usoni mwake. Machozi yakamtoka, ya kweli. Akasema, na sauti yake ile ya kwaya ilisikika mpaka kwa wanawake waliokuwa nyuma kabisa:

"Springi ilikuwa yako. Niliichukua kabatini bila kukuambia. Somo lilikuwa lako, na ule uzi ulikuwa wako. Nilipomaliza niliwaambia watoto waivute ili ikatike, kwa sababu nilijua ukifundisha nayo, kazi unaichukua wewe."

Neno kwa neno. Ndicho nilichokuwa nakiomba kila nilipolala. Nikageuka kumtazama mmiliki.

Mmiliki alikuwa anacheka. Alianza tumboni, tumbo likapanda na kushuka, kisha akatoa kitambaa akafuta macho. "Ninyi watani mtatuua!" akasema. Mkuu wa shule akampiga mmiliki mgongoni, "Umesikia alivyojieleza? Kazi unaichukua wewe!" Na kicheko kikaenda kwa wanawake, kikaenda kwa vijana wa jeneza, kikazunguka ua wote. Nikapiga kelele, "Si mzaha! Jamani, anasema kweli!" Wakacheka zaidi. Mwanamke aliyevaa koti la maiti na kofia ya maiti, ameshika waya mlangoni, anawaambia watu si mzaha. Wewe ungefanyaje? Hata wewe ungecheka. Mmiliki akapaza sauti, "Yule kuku mchinjieni mtani, huyu kafanya kazi!"

Mtani peke yake ndiye aliyekuwa hajacheka. Alikuwa amesimama na machozi yake akisubiri hukumu. Akamwangalia mmiliki. Akamwangalia mkuu wa shule. Akawaangalia ndugu zake waliokuwa wameshikana mabega. Na polepole nikaona anaelewa kwamba hakuna hukumu. Mabega yakamshuka. Kisha naye akacheka, wa mwisho, na alicheka kuliko wote.

Akaja mpaka kwenye nguzo, akaishika springi pale nilipoifunga, akaitikisa mara moja, upande upande, vile vile nilivyowahi kuwaonyesha ofisini. Mkunjo ukatoka mkononi mwake, ukajikokota, ukafika karibu na uzi mwekundu, ukafa. Mimi kwenye ncha yangu sikusikia kitu. Akanisogelea, akaniambia taratibu, kwa sauti ambayo hakuna mwingine aliyeisikia:

"Umeona, mtani? Haifiki."

Nikaachia ncha. Vijana wakainua jeneza, wakapita juu ya springi, mmoja akaikanyaga.

Mwisho wa mwaka akathibitishwa. Kuku yule nilimla, alikuwa ameiva vizuri. Springi niliiacha kule kwenye majani ya mlango. Januari nilipiga simu Iringa, mama akaniambia mtoto ameanza darasa la kwanza, sare ameshonewa, ana viatu vyeusi, analala mapema siku hizi. Nikaomba nisalimiane naye. Akashika simu akasema, "Shikamoo, mama wa Songea." Nikamwitikia marahaba. Hakuuliza habari ya springi. Nilisubiri aulize, nikamsikia anampa bibi yake simu.